Mapigo ya Polepole na Figo ya Kidosho

Chumba cha juu ya duka la kushonea,
Jumapili asubuhi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Na goti je, limepoa? Sisi hatujambo, kasoro usingizi tu. Mama kanikumbusha salamu zake kabla sijashika kalamu.

Shangazi, asante kwa vile viatu. Ulipoviacha nilinuna kweli. Mimi fundi cherehani, mtu wa kushinda kitini, uniambie nikimbie kila alfajiri kama nafukuzwa! Nilivivaa ili usinisimange tu. Mwishowe nikanogewa.

Sasa sikiliza. Siku ya kumpa mdogo wangu Kidosho figo ilipokaribia, niliitwa hospitali kupimwa mara ya mwisho. Muuguzi akanibana kifaa kidoleni, akatazama, akakunja uso. Moyo wangu ulikuwa unapiga polepole mno. Akasema daktari asiporidhika, upasuaji utaahirishwa. Kidosho alikuwa amevimba uso mzima, na kila siku ya kusubiri ilikuwa inamla.

Mama, wifi yako unamjua, hakukubali kushindwa na mashine. Akanivuta hadi kwenye ngazi, akaniamuru nipande na kushuka mbio ili moyo uchangamke, kisha tuwahi kupimwa. Nikatii, mtu mzima na ndevu zangu. Tulipofika kwa daktari, mapigo yameshatulia tena! Mama alikaribia kulia, ikabidi aseme tulikotoka.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza kama nafanya mazoezi, nikamweleza mbio zangu. Akanipima upya kwa mashine inayoonyesha moyo wenyewe ukifanya kazi, halafu akamgeukia mama.

"Moyo wake mzima kabisa, umezoeshwa kazi tu. Pigo moja linasukuma damu nyingi, ndiyo maana hauna haraka. Na kutulia upesi baada ya ngazi ni dalili njema."

Mama alimshika mkono akasahau kumwachia.

Basi tumepasuliwa wote wawili, salama; mimi nimesharuhusiwa kurudi nyumbani, Kidosho bado yuko wodini. Mshono unanivuta nikicheka, na mama hanionei huruma, anazidi kunichekesha.

Nisalimie binamu zangu wote, na yule kitindamimba mtundu zaidi.

La mwisho nimelichelewesha makusudi. Jana Kidosho alipata haja ndogo, ya kutosha, kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa umzidie. Mama alikishika kile chombo kwa mikono miwili, akamkatalia muuguzi kukimwaga, akalia kwa furaha wodi nzima ikimtazama.

Mungu akutunze, Shangazi, kama ulivyotutunza.

Mwanao akupendaye daima,
Fundi