Bi Mdogo Hajawahi Kushika Zamu

Jumatatu, 9 Juni

Bi Mkubwa kaumia! Sijaweka hata mkoba chini, taa ya rangi ya chungwa inanikonyeza kule nyuma ya seva. Kadi yake ya kuongelea na kabati la diski imekufa nusu. Waya mmoja kimya, mmoja unapumua. Na humo kabatini ndimo zilimo rekodi za wagonjwa wote wa hospitali hii. Waya huo mmoja ukikata roho — basi tena.

(Aliyezibatiza seva zetu mbili ni fundi aliyenitangulia. Wake wawili, bwana mmoja, yaani kabati. Bi Mkubwa anafanya kazi, Bi Mdogo anakaa tayari kumpokea. Wakiliandikia kabati wote kwa pamoja, rekodi zinavurugika. Ndiyo ndoa yenyewe.)

Mama Faili, bosi wangu, wala hakushtuka. Kadi mpya ipo stoo. Akalipiga kofi faili lake: si kila mwezi unamjaribu Bi Mdogo, mwanangu? Basi Alhamisi saa nne asubuhi mhamishie kazi, badilisha kadi, wagonjwa hawatajua lolote.

Kila mwezi. Ndiyo. Fomu kumi na moja, sahihi zangu kumi na moja. Majaribio — sifuri! La kwanza niliogopa. La pili nikasema nitafanya mawili kwa mpigo. Baada ya hapo kalamu ilishazoea.

Jumanne, 10 Juni

Nimekula na dada yangu, nesi wa chumba cha chanjo. Nikamuuliza kama mzaha: mashine zikilala saa nne asubuhi, itakuwaje? Akaweka kijiko chini. Foleni ya watoto hadi mlangoni, huyu ana mzio, yule kachomwa sindano wiki jana, mimi nitajuaje — niwasome usoni? Halafu akanisoma mimi usoni. Umefanya nini wewe?

Nikamwambia sijafanya kitu. Ambayo ndiyo kweli tupu, ole wangu. Akasema njia ya mwongo ni fupi, akanimalizia chai.

Jumatano, 11 Juni

Potelea mbali, nimemchungulia Bi Mdogo kimyakimya. Si kumkabidhi kazi — kumuuliza tu, unaziona diski? Hazioni. Hata moja! Taa zote kijani, kapambika kama bibi harusi, na bwana hamjui.

Nikakaa sakafuni. Nikakumbuka. Mwaka jana kadi yake yeye iliungua, nikabadilisha mwenyewe kwa mikono hii. Kabati halimfungulii mtu mpaka namba ya kadi mpya iandikwe ndani, na nenosiri la kuandikia analo Mama Faili peke yake. Siku hiyo alikuwa likizo. Nikasema akirudi. Akarudi, nikasahau. Jaribio moja tu la kweli lingeniumbua mwezi uleule.

Sasa siwezi kurekebisha bila yeye, na siwezi kumwomba bila kusema. Nimefanya mazoezi kwenye kioo cha chooni. "Mama, kuna katatizo kadogo." Katatizo! Mwanamume mzima na ndevu zake.

Nikaenda. Yuko na mkurugenzi, anamwonyesha jinsi fomu zetu zilivyokamilika. Nikageuza njia kama mwizi. Nina aibu, na nina hofu ya kweli.

Alhamisi, 12 Juni

Saa mbili na nusu. Waya uliobaki umeanza kukatikakatika. Nimemfuata Mama Faili hajavua hata koti, nikayatapika yote. Sijawahi kumjaribu. Hata mara moja. Fomu zote uongo.

Nikangoja radi. Haikupiga! Akafungua faili taratibu, akalamba kidole, akapekua. Nikachungulia. Chini ya sahihi yangu kuna mstari wa pili, wa shahidi aliyeliona jaribio kwa macho yake. Fomu kumi na moja — kasaini yeye, zote!

Nilitaka kucheka, nikakimeza kicheko. Akasema nifunge mlango.

Saa tatu. Kaandika nenosiri, kakosea mara mbili, ya tatu ikakubali. Namba imeingia. Bi Mdogo anaziona diski! Nikamwambia tuwapigie mapokezi, wasimamishe foleni, kila kitu kiandikwe karatasini. Akasema mkurugenzi atauliza kwa nini. Nikasema ndiyo, Mama, atauliza. Akashusha pumzi, akapiga simu mwenyewe. Nimempenda kidogo.

Saa nne kasoro. Nimebonyeza. Bi Mkubwa kaachia kazi, kazimika salama. Bi Mdogo anaamka — skrini nyeusi, kimstari kinapepesa, basi. Naandika nimesimama, mikono isije ikagusa kitu. Kadi mpya bado imo kwenye boksi lake. Sithubutu kulifungua mpaka huyu azungumze. Dada kapiga simu mara tatu, sijapokea.

Mama Faili kakodoa macho kwenye skrini. Kwa mazoea tu, kwa sauti yake ileile ya ofisini, akaniuliza: kwa kawaida huwa inachukua muda gani?

Nikamtazama. Akanitazama. Kisha wote wawili tukarudisha macho kwenye skrini.