Ariere za Marehemu Kasongo

Likasi, Jumatatu

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama, na Kongolo nzima. Goti lako limepona, au bado unapiga kengele ya misa mkono mmoja umeshika ukuta? Sisi huku tu wazima. Watoto wote watatu wanakula, ingawa ni majani ya muhogo tu, sombe leo na sombe kesho.

Barua yako imefika. Umeniuliza "ariere" ni nini, maana unaogopa nimekopa. Sikukopa, baba. Ni neno la Kifaransa, ni deni lililopitwa na siku yake. Huku ni mshahara ambao mtu ameutolea jasho, mwezi ukaisha, ukaja mwingine na mwingine, asipewe. Mume wangu Kasongo alichomelea vyuma karakanani hadi wiki aliyougua, na ariere zake hazijalipwa. Kwa hiyo anayedaiwa si mimi. Siku hizi neno lenyewe limeingia kila mahali. Jirani asipokusalimu asubuhi, jioni unamwambia alete ariere ya salamu. Tunacheka, tufanyeje.

Kila Jumatatu karani wa karakana husimama mlangoni na kuita majina ya wanaodai. Jina lisiloitikiwa hufutwa. Tangu tumzike Kasongo, mimi ndiye ninayemwitikia. Leo, kabla hajaanza kuita, karani alinisogezea karatasi na gunia la unga.

"Mama, tia kidole hapa, kamata bunga, tumalize. Mwenye kufa haitikake."

Sitakuficha, mkono wangu ulikwisha kushika gunia. Nilifikiria sufuria iliyolala kavu. Lakini niliisoma ile karatasi mpaka chini, na chini iliandikwa kwamba familia ya Kasongo haidai kitu tena, na nyumba hii ya karakana tunamokaa tutaiacha mwisho wa mwezi. Nikaliachia gunia. Nikamrudishia karatasi yake kwa hasira.

"Yee alikufa," nikamwambia. "Kazi yenye alitumikaka haiyakufa. Ita jina yake."

Akajifanya hasikii. Wajane wawili waliokuwa nyuma yangu wakakataa kusogea, na mstari wote ukasimama. Mwishowe akaliita, kwa sauti ya chini. Nikaitika kwa sauti ya juu.

Umeniandikia nichukue chochote karakana itakachotoa, nipande treni nirudi nyumbani. Nauli uliyoniwekea mnunulie mama dawa ya macho. Mimi sitoki humu.

Nisalimie shangazi Mwadi, muuza mawese wetu. Na kaka Ilunga, fundi cherehani, mwambie ana ariere ya barua mbili kwangu.

Baba, uliuza mbuzi ili masista wanifundishe kusoma. Majirani walikucheka. Ukawajibu kwamba binti yako hatatia kidole chini ya maneno asiyoyajua. Haya nimeyasoma yote. Sitii kidole.

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe,

Veronika, mke wa Kasongo