Mbuyu wa Australia ni Ndugu Yetu

Jumamosi, 2 Agosti
Kubeba mchanga tangu asubuhi. Punda kachoka, mimi sijachoka. Nyumbani kimya. Mama na dada Zuhura hawasemezani. Swaleh, mchumba wake, kapata kazi Australia, anataka waende wote. Hapa Amu mume ndiye huhamia kwa kina mke. Mama keshapaka chokaa chumba cha juu wakae. Anasema binti ni kama mti, ukimng'oa anakufa. Dada analia jikoni. Naudhika.

Jumatatu, 4 Agosti
Nimesoma kwa simu. Australia kuna mibuyu, jamaa ya hii yetu ya kisiwani Pate. Nilidhani ardhi ilipasuka ikaenda nayo. Mwalimu Otieno, jirani, kasema hapana, mabara yalitengana kabla mbuyu haujakuwapo. Huenda tunda lilielea baharini, likatupwa ufukweni, mbegu zikaota. Miaka mingi mno ikapita, ukoo wa huko ukawa na sura yake. Mimi wa kidato cha pili nimeelewa mara moja. Mama nitamwonyesha kwamba mti huvuka bahari na ukaishi. Mbegu za mbuyu nimeziloweka maji ya bahari, kisha nizipande koponi.

Jumapili, 17 Agosti
Hakuna kilichoota. Mama kafukua kopo. Kauliza mbegu nimetoa wapi. Dukani, mabuyu yale mekundu ya sukari, nimeyanyonya kwanza.
"Weye, hizo zimepikwa. Wapanda peremende?"
Kacheka mpaka kakaa chini. Dada naye. Wamecheka pamoja, mara ya kwanza tangu posa. Mjinga wa nyumba ni mimi na sijali.
Baadaye Mama kaniuliza polepole, huo mti wa huko, wazaa? Nikamwambia unazaa, na wenyeji wanakula tunda lake.

Jumatano, 20 Agosti
Mama kazungumza na Swaleh kwa simu. Sharti moja: mimba ya kwanza, Zuhura arudi kujifungulia kwa mamake. Swaleh kakubali kabla Mama hajamaliza. Basi, ruhusa imetoka. Nimetembea mjini kama mbunge. Bila mimi wangekuwa wamenuniana bado.

Ijumaa, 29 Agosti
Harusi wiki ijayo, kisha safari. Dada anafungasha. Nilitaka kumtania kuhusu begi lake, nikaishia kumfungia zipu. Nilikuwa nashinda hoja tu. Sikufikiria kwamba anayeondoka ni Zuhura wangu.
Usiku tumekula sinia moja. Dada kachambua minofu ya samaki, kaisogeza upande wangu, kama nilipokuwa mdogo. Nimekula yote.