Fahali wangu ofisini kwa mkuu wa chuo

Masalu, leo nimeaibika, we acha tu!

Si unajua pale chuoni kazini tumeletewa mashine mpya za kuchapa karatasi, unatuma picha kwa simu inatoka? Mkufunzi kasema atakayeshindwa leo anahamia kulinda geti.

Nikatuma picha. Mashine ya chumbani kimya. Nikatuma tena. Kimya!

Mara mkuu wa chuo huyo mlangoni, karatasi mbili mkononi. Picha ya fahali wangu wa kule nyumbani Kishapu! Masalu, fahali na pembe zake, katokea ofisini kwa mkuu!

"Nani kanitumia ng'ombe?"

Nikasema, "Mimi, mzee. Nipeleke getini tu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Baba Epifania, wenzako hawajachapa hata kwa mashine ya chumba hikihiki. Wewe umeifikia mashine yangu ghorofa ya tatu! Baki na kazi yako."

Nimebaki, Masalu! Ila picha za fahali, mkuu kagoma kurudisha.