Chale za Jiko la Koleo

Jumatatu, 6 Mei

Jiko limeletwa kwa mkokoteni hadi karakana yangu ya kuchomelea, hapa uani. Kubwa! Pipa zima lililopasuliwa katikati, miguu minne (mitatu na nusu, tuseme ukweli) na kutu ya kutosha kupaka nyumba. Ni la Koleo, yule mzee anayechoma nyama kwenye bustani ya vinywaji nyuma ya posta. Watu humwita hivyo kwa sababu koleo halimtoki mkononi. Nadhani hata salamu huipokea nalo.

"Mwanangu, tako limeoza," akaniambia, akigonga chini ya jiko.

Nikamwambia mzee wangu, hata langu si la jana. Akacheka mpaka akaegemea mlango.

Lakini mambo yenyewe si ya kucheka. Wiki mbili mfululizo nyama imetoka upande mmoja mbichi, upande mmoja mkaa. Jumamosi bustani ina wageni sitini. Ikiharibika tena, mwenye bustani analeta jiko la gesi na mpishi mwingine, na Koleo aende akapumzike nyumbani. "Kupumzika!" Alilitamka kama jina la ugonjwa.

Nimemwahidi kulirudishia jiko ujana. Mdomo wangu huu.

Mume wangu alisikia neno "jiko" tu, akakusanya shela la bibi harusi alilokuwa akilishona na kulihamishia chumbani. Miaka kumi na tisa ya kuishi na masizi yangu. Ameshahitimu.

Jumanne, 7 Mei

Siku ya kukwangua. Mafuta yaliyoganda yametoka vipande vipande kama magome ya mti. Brashi ya waya ya kwanza imekata roho kabla ya saa nne. Mama mkwe akapita uani, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni: "Mkwe, ukimaliza kujipaka utusaidie na sufuria."

Nimekata chini yote iliyooza, nikachomelea bati jipya, nene. Mguu wa nusu sasa ni mguu kamili. Jiko halichechemei tena — nachechemea mimi, mgongo huu.

Kisha mabomba. Jiko lina mabomba mawili ya kulibebea, moja mbele, moja nyuma, yamejitenga kidogo na moto. La nyuma safi. La mbele jamani! Limejaa makato: moja hapa, mawili pale, matatu kule, kana kwamba panya wa chuma amelipitia. Watu hawavionei huruma vitu vyao! Nimeyajaza yote kwa kuchomelea, nikasaga kwa grainda, nikamalizia na msasa. Laini kama shavu la mtoto. Nimelipapasa mara tatu kwa kujipenda tu.

Jumatano, 8 Mei

Nimepaka rangi ya kuhimili moto. Nyeusi tii, inang'aa. Ningekuwa kuku ningejipeleka mwenyewe.

Koleo alikuja jioni kuliona. Akaja moja kwa moja, akaingiza mguu kwenye ndoo yangu ya maji ya sabuni. Ndoo ya manjano, katikati ya uwanja! "Ndoo yako haina adabu," akasema. Tukacheka sote, mama mkwe kuliko wote.

Akagonga chini. Akatabasamu. Akajaribu miguu. Akatabasamu. Kisha akashika bomba la mbele, akapitisha kidole taratibu kutoka kushoto hadi kulia. Akarudia. Akarudia tena.

"Kazi safi, mwanangu."

Akaomba maji ya kunywa, akakaa kwenye kibao, maji hakuyanywa. Akaondoka mguu mmoja ukiwa bado umelowa. Nikajisemea, furaha imemzidi. Mimi na akili zangu!

Alhamisi, 9 Mei

Sijui niandike nini kwanza. Nianze na aibu.

Koleo alirudi asubuhi, chai yangu haijapoa. Akasubiri mume wangu aende kumpima mteja, akasubiri mama mkwe aingie ndani. Ndipo akauliza, polepole, kama mtu anayeulizia maiti: "Zile chale zangu kwenye bomba, umezipeleka wapi?"

Nikamwambia kwa fahari — kwa fahari! — kwamba nimezifuta.

Akapapasa bomba mara moja zaidi. Halafu akanieleza. Macho yake yameingia ukungu, huu mwaka wa tatu. Mtu anamwona, lakini nyama imeiva au haijaiva, haoni. Kwa hiyo alijikatia chale kwa tupa. Moja, hapo moto ni mkali. Mbili, moto wa wastani. Tatu, pa kupumzishia iliyoiva. Kidole cha kushoto kinatembea kwenye bomba, koleo la kulia linafuata. Pua na sikio vinamwambia lini, chale zinamwambia wapi. Kilichomwangusha wiki zile mbili si macho, ni lile tako: makaa yalikuwa yanamwagikia upande mmoja.

Na mimi nimemng'oa macho yaliyobaki, nikayapiga msasa.

Nikamuuliza kuhusu hospitali. Amepewa tarehe: mwezi wa nane. Jumamosi ni keshokutwa.

Nikasema basi twende tumweleze mwenye bustani, ni mtu mwelewa. Akakataa katakata. "Mwanangu, wakijua sioni, hata ikiiva vizuri wataiona imeungua."

Nimeapa kutomwambia mtu. Hata mume wangu. Daftari hili halina mdomo, na mwandiko wangu huu mbovu tutausoma mimi na daktari tu.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi nimekaa mbele ya bomba langu laini na tupa mkononi. Nikate wapi? Nilivyokumbuka mimi, makato mawili yalikuwa karibu na katikati. Koleo akasema tusikumbuke, tuulize jiko lenyewe.

Tukawasha mkaa. Tukapanga vipande vya mkate kwenye wavu, kumi na viwili, mstari mmoja. Vyote vya kifungua kinywa! Tukangoja huku tunahesabu. Mimi nikawa namsomea: huyu mweusi, huyu kahawia, huyu hata hajajua kuna moto. Yeye kiganja juu ya makaa, kichwa kimeinama.

"Umehama," akasema.

Kweli umehama! Bati langu nene limesogeza moto mkali kulia, karibu upana wa viganja viwili. Chale za zamani zingemdanganya tangu nyama ya kwanza. Nikaanza kujisifu. Akanikatisha: "Bado uliniharibia bomba."

Nilipokata chale ya tatu mume wangu akatokea na sindano mdomoni. "Juzi unalisugua liwe laini, leo unalikwaruza?" Nikamwambia ndiyo mtindo mpya. Akatikisa kichwa akarudi kwenye shela lake. Mama mkwe yeye alitaka kujua vipande vya mkate vimekwenda wapi. Nikasema nimekula. Vyote? Vyote, mama. Akanitazama kiuno, akaridhika.

Koleo amepitisha kidole mara kumi. Ya kumi alikuwa anaimba.

Jumamosi, 11 Mei

Naandika nikiwa bustanini, meza ya pembeni, daftari liko juu ya mapaja. Nimekuja eti kama fundi wa dharura. Wageni wamejaa. Mwenye bustani amesimama kando ya jiko, mikono amefunga kifuani.

Nilikwenda kunawa masizi. Dakika tano! Narudi — wahudumu wameligeuza jiko. Moshi ulikuwa unawapiga wageni. Wamelizungusha zima zima, vizuri kabisa, kwa upole. Bomba la mbele sasa liko nyuma.

Koleo keshaweka nyama. Kidole kikaenda kushoto. Kikaenda kulia. Kikarudi. Namwona anatafuta kwenye chuma laini, na nyama inaanza kulia.

Nimeinuka. Nikipiga kelele nitaitoa siri yake. Nikinyamaza itaungua. Nimekaa. Nimeinuka tena.

"Ligeuzeni jiko!" Ni yeye mwenyewe, sauti kubwa.

"Kwani kuna tofauti gani, mzee?" mwenye bustani anauliza. "Pande zote si sawa?"

Koleo ameweka koleo chini. Sijawahi kuuona mkono ule mtupu. Amemshika mwenye bustani kiwiko, kama wanaenda kucheza ngoma, wamezunguka hadi upande wa pili. Amechukua kidole cha mwenye bustani, amekiweka juu ya bomba lenye chale. Anakitembeza. Anamwambia kitu, sisikii, watu wanaongea mno. Midomo tu naiona: moja. Mbili.

Mwenye bustani ameacha kukunja uso. Anatazama bomba, anatazama macho ya mzee, kwa karibu, kwa mara ya kwanza nadhani.

Koleo ameshamwachia mkono. Mwenye bustani bado hajaondoa kidole. Anakirudisha mwanzo, peke yake, taratibu, na kwa mkono wa pili anawaita wahudumu waje waligeuze—