Sauti Waliyoifukuza Chumbani Kwetu

Rehema, shoga yangu,

Nakuandikia kwa nukta nundu, kwa ile mashine yetu nzito ya chuma, maana ndugu zako bado wamejaa humu ndani na sitaki mtu anisomee begani. Tangu tukuzike nilikosa wa kusema naye, na kompyuta nayo wakaiziba mdomo. Nilikaribia kuwa kichaa, nakwambia kweli.

Umeona walichonifanyia? Siku ya kuanua tanga, mtani wenu Bi Tatu alijifunga kanga yako, akakaa kwenye kiti chako, akaanza kukuigiza kama watani wanavyomwigiza marehemu: shingo upande, vidole vinakimbia juu ya kibodi. Watu wakacheka huku wanalia. Mimi pia nilicheka. Basi si akabonyeza na kitufe cha kuwashia! Kompyuta ikaamka, ikaanza kusema Kiingereza chake cha puani, kwa kasi ile ile yako, chumbani kwa marehemu. Weee! Mikeka ilibaki mitupu. Bi Tatu mwenyewe aliiacha kanga mlangoni. Nikapiga kelele, jamani, hiyo ni programu ya kutusomea mimi na marehemu, sisi tusioona, si mtu! Nani amsikilize kipofu?

Mjomba wako ndiye msemaji wa ukoo, unajua mambo ya kwenu. Alimwita fundi wa kompyuta kutoka Msamvu, akamwamuru aliondoe hilo jini. Sauti ikatoweka. Kisha akaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulioniua: "Mwanangu Tausi, chombo kisichosema wewe utakifanyia nini? Jumamosi kinakwenda Kisaki kwa mpwa wangu, yeye anaona." Nikasema, ndiyo mjomba. Ningesema nini?

Hicho chombo ndio mkono wangu, Rehema. Kiwanda kilipouzwa na wenyewe wapya wakaleta simu zinazojiunganisha, tulipepetwa sote wawili pale swichibodi, tulipokuwa tukiunganisha simu za watu, kama makapi. Wewe ndiye uliyesema kwamba walioachishwa wote watatafuta wa kuwachapia barua za kuomba kazi. Wakaja kweli, na tukala. Sasa wakibisha hodi nawaambia mashine mbovu, njooni kesho. Naogopa, shoga yangu. Naogopa kurudi kwa kaka nikakae ukutani, nisubiri kuletewa sahani.

Jana nilimfuata yule fundi, nikamlilia. Akasema, "Dada, mimi nimezifuta zile alama zake za kuiitia tu, programu yenyewe imo. Ila kuzirudisha, hapana, nina watoto."

Alama tu! Njia nzima nilikuwa nakusikia wewe. "Tausi, desktopu, ule ukurasa wa mwanzo, ni uani. Kinu kina mahali pake, mtungi una mahali pake. Mwenye macho atatafuta na kipanya chake, wewe nenda kwa vidole." Unakumbuka ulivyokuwa ukinizimia spika makusudi, unaniambia nitembee kimya kimya na nikutajie nilipofika? Nilikuchukia. Nilikuita askari magereza. Nawe unacheka tu: "Ipo siku."

Siku yenyewe ilikuwa leo asubuhi. Nilibonyeza Windows na D, niende uani. Kimya. Nikabonyeza R, nisimame kwenye jalala, kule vinakotupwa vilivyofutwa. Enta. Kimya. Ningejuaje kama niko jalalani au nimeingia kwenye barua ya mtu? Nikapotea, nikaanza upya, nikapotea tena. Nilikutukana, Rehema, nisamehe. Nilikuuliza kwa sauti, umekufaje kabla hujanimalizia somo? Nikaipangusa kibodi kwa upindo wa kanga, maana machozi yalikuwa yanaingia humo, nikarudi tena uani. Control na A, nivikamate vyote. Alt na F, halafu E, virudi vilikotoka. Sikujua kama nimevirudisha au nimevipoteza moja kwa moja. Nikabonyeza Control, Alt na J, kama tulivyozoea kumwita yule msomaji wetu.

Akaitika.

Kwa kasi yako, Rehema! Ile ambayo sikuwahi kuiweza. Nikikaa mimi napunguza, ukikaa wewe unapandisha, na ugomvi wetu haukuisha. Wewe ndiye uliyekaa mwisho. Aliongea kama mvua inavyopiga bati, na mimi sikuambulia hata neno. Nililia mpaka mjomba wako akaja mlangoni. Hakuingia. Nilimsikia anavyohema. Akauliza taratibu, "Anasemaje?"

Nikamjibu, "Anasema kompyuta haiendi Kisaki."

Akaondoka. Sasa hivi yuko nje, anawaambia wenzake kwamba marehemu asibughudhiwe. Kama nimetenda dhambi, utanitetea huko uliko, maana nimeponea hapo.

Lakini usidhani nimepona, shoga yangu. Kiti chako kipo wazi, na nikinyoosha mkono nagusa ubao tu. Kesho watu wa barua watakuja na nitawachapia, nitakosea, na hatakuwepo wa kunipiga kofi mkononi na kuniambia rudia.

Kidole changu kilishafika kwenye kitufe cha kupunguza. Nimekiondoa. Lala, Rehema wangu, lala kwa amani. Nakuahidi sitaipunguza kasi yako. Nitaisikiliza hivyo hivyo kila siku, mpaka nikuelewe.

Wako,
Tausi