Tiketi Mbili za Simeoni

Jumatatu, 29 Agosti 1960

Mume wangu amerudi kutoka Same na tiketi ya ndege. Ameiweka mezani, hataki niiguse kwa mikono yangu ya unga! Sasa anazo mbili. Moja ya Nairobi hadi Khartum, aliyojinunulia. Nyingine ya Khartum hadi Ujerumani, ya kampuni tofauti, aliyoletewa na chuo kinachomchukua kusoma. Chuo walimwandikia wazi: fika Khartum siku moja kabla, uwe na viza ya Sudani. Yeye kachagua ndege inayotua jioni ile ile. Kisa? Akiondoka mapema ataikosa Jumapili ya kuagwa kanisani.

Naftali alikuja naye. Ni mtoto wa shangazi yake, karani wa boma, ndiye aliyemhangaikia pasipoti. Nilikuwa namimina chai, nilisikia yote. Akamwambia tiketi mbili ni safari mbili. Ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haimjui. Tena sanduku halitahamishiwa ndege ya pili, itabidi atoke alichukue mwenyewe, na bila viza hatoki. "Kaka, pitia ofisi ya viza Nairobi. Nakuomba."

Simeoni akacheka. Akamuuliza yeye karani amepanda ndege lini.

Na yeye Simeoni amepanda lini? Lori la kahawa!

Jumapili, 4 Septemba

Kuagwa. Ameongea kuliko mchungaji. Koti zito, jasho linamtiririka, kagoma kulivua. Ati atakapokuwa juu mawinguni atatukumbuka sisi wa chini. Hapa Chome mlimani! Mawingu yanaingia mpaka jikoni, kuni hazikauki. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Jumanne, 6 Septemba

Kaondoka jana. Nyumba imepanuka. Nimekula makande taratibu, hakuna aliyeniambia chumvi imepungua.

Jumapili, 11 Septemba

Kanisani tumemwombea "ndugu yetu aliyeko Ulaya." Mama mkwe analia kwa furaha. Kila mtu ananisalimia kwa adabu mpya — hata wale ambao mwaka jana hawakujua kama mimi ni mwalimu.

Jumanne, 13 Septemba

Sefania wa lori kaniita pembeni baada ya shule. Ana aibu, anachora ardhi kwa kiatu. Kamwona Simeoni Same, kwenye nyumba ya wageni ya Hamisi nyuma ya stesheni. Kofia mpaka machoni. Kamwita jina, yule akageukia ukuta.

Nimemwambia anyamaze. Kwanza nilidhani labda Simeoni anaumwa, nikaogopa kweli. Usingizi hauji.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimetoka Same sasa hivi. Miguu imekufa.

Haumwi. Anakula! Nimemkuta na sahani ya wali na nyama, joto la Same limemchemsha kama maharage. Aliponiona aliruka kufunga mlango kabla hata ya kunisalimu. Nikamwambia aeleze, na asinihutubie.

Ofisi ya viza Nairobi hakukanyaga. Aliona foleni, akasema hawezi kusimama juani kama mnunuzi wa mafuta ya taa. Khartum kulikuwa na tufani ya vumbi, ndege yake ikazunguka na kuchelewa. Akatua. Ile ya Ujerumani ilikuwa bado uwanjani — kaiona kwa macho yake, ng'ambo ya kioo! Lakini sanduku liko upande wa pili wa maofisa. Viza? Hana. Akawaonyesha tiketi ya pili. Wakamwambia hiyo ni kazi ya kampuni ile. Akataka kampuni ile iitwe. Kampuni ile ikajibu abiria wake waliofika wameshapanda. Ndege ikaondoka. Wakamlaza kwenye benchi, kesho yake wakamrudisha Nairobi. Sanduku limebaki Khartum.

Aliposimulia benchi alisukuma sahani kando. Kwa kitambo nilimhurumia. Nikamshika mkono. Nikamwambia twende nyumbani, tuseme ukweli, chuo tukiandike upya, labda nafasi bado ipo.

Akautoa mkono. "Ukweli gani? Naftali ndiye aliyeniambia viza haihitajiki."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamkumbusha nilikuwepo, birika mkononi. Akaniangalia machoni bila kupepesa. "Ulikuwa jikoni, mke wangu."

Ijumaa, 16 Septemba

Kapanda mlima mwenyewe, mchana kweupe. Nilitegemea aje kwa aibu — kaja kama majeruhi wa vita! Wazee wamejaa uani. Ati Naftali alimwonea wivu. Ati Naftali alimdanganya makusudi. Mama mkwe kasaga meno. Nikaanza kusema, baba mkwe akaniambia wanaume wanazungumza.

Nikaenda kuchota maji. Ndivyo nilivyofanya.

Jumamosi, 17 Septemba

Miche ya kahawa ya Naftali imekatwa. Shamba zima, pale karibu na kwa mama yake. Naftali mwenyewe yuko kazini Same, wazee wamemtumia salamu asipande huku. Simeoni kasikia habari ya miche, kasema, "Watu wana uchungu." Kisha kaomba maji ya moto ya kunyolea. Kesho atasimama kanisani atoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyomwokoa na mtego wa ndugu.

Nimemchemshia maji. Sijui nilidhani nimeolewa na nani — huyu bwana anayejitazama kidevu kwenye kioo simjui.

Jumapili, 18 Septemba

Naandika haraka, nimeingia chumbani kuchukua kitambaa cha kichwa.

Shangazi Eliwaza, mama yake Naftali, kaja asubuhi hii kabla ya kengele. Peke yake, bila fimbo ingawa mguu unamsumbua. Akakaa jikoni kwangu. Nikampa shikamoo, akaitika. Akaniuliza swali moja tu: mwanawe aliwakosea nini.

Nikamwambia. Chai, birika, ofisi ya viza, foleni, kicheko cha Simeoni. Sikupunguza sauti. Upande wa pili wa ukuta wembe ulikuwa unakwaruza, ukaacha.

Simeoni akatoka na povu shavuni. Akasimama mlangoni, kaweka ile sauti yake ya jukwaani:

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi kainuka, anamtazama tu.

Karudia, chinichini sasa, kama mtoto: "Shikamoo."

Kengele ya pili inalia. Nawaona kutoka hapa. Wote wawili bado wamesimama, na shangazi hajaitika.